Balozi wa Sita na Nusu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Niwie radhi, shajara. Miezi saba bila neno! Sikuumwa, sikusafiri. Nilikaa tu katika chumba changu nyuma ya ubalozi, nikinoa penseli. Mtu aliyeitunza masjala kwa miaka thelathini na minne hapaswi kuwa na pengo katika kumbukumbu zake. Sina udhuru. Yaishe.

Leo kuna jambo. Wizara nyumbani imeagiza kijitabu: historia ya kiti cha balozi wetu katika nchi hii, tangu wa kwanza hadi huyu wa kumi na moja. Miaka hamsini. Katibu wa ubalozi, kijana wa tai nyembamba, amekuja kunigongea mlango. Akasema, mzee, wewe ndiye masjala inayotembea, tusaidie. Nikamjibu kwamba nitafikiri. Kabla hajageuka nikamwambia nimeshafikiri.

Ukumbini kuna picha kumi na moja. Lakini kati ya balozi wa sita na wa saba kuna miaka minne mitupu. Nchi hizi mbili zilinuniana, balozi akaitwa nyumbani, bendera ikashushwa, watu wakajipakia katika magari wakaenda zao. Nani alibaki na funguo? Karani wa masjala. Nani alipangusa meza ya balozi kila asubuhi, akaketi kando ya simu? Mimi! Kijitabu hiki hakitoki bila mimi kuwamo. Tena kwa picha.

Mke wangu alifariki katika mwaka wa pili wa miaka hiyo, huko nyumbani. Sikuhudhuria mazishi. Mpaka ulikuwa umefungwa. Hivyo ndivyo nilivyomweleza binti yetu, na hivyo ndivyo ajuavyo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Kazi imeanza vizuri. Balozi wa kwanza: aliwasilisha hati zake za utambulisho huku viatu vimejaa maji ya mvua. Wa tatu: alisusia dhifa kwa sababu ya kiti. Wa tano: mpole, hakumbukwi kwa lolote. Baada ya wa sita nikaandika kichwa kipya kwa herufi kubwa: Balozi wa Sita na Nusu.

Katibu amekikata kwa wino mwekundu. Anasema katika ubalozi hakuna nusu. Kanuni ni moja: anayehesabiwa ni yule aliyepeleka hati yake kwa nchi mwenyeji, ikapokelewa, ikagongwa mhuri. Akaniuliza, kwa heshima, mimi nilipeleka nini.

Dereva mstaafu alikuwepo, yule tuliyempa jina la Breki kwa kuwa hakuwa akizitumia. Akacheka hadi akashika ukuta. Akasema kama ni kubaki, basi hata mbwa wa getini atundikwe ukutani, maana naye alibaki. Ni kweli mbwa alibaki. Lakini hakukabidhiwa funguo!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Binti amewasili. Ana miaka arobaini sasa, muuguzi mkuu wa wodi, na amenipima mapigo ya moyo kabla ya kunisalimu. Safari hii hakuja kunitembelea, amekuja kunichukua. Chumba changu kimeshapakwa rangi. Basi ni Jumamosi, saa mbili asubuhi, viti viwili vya mbele.

Akasema kutoka chumba hicho hadi kaburi la mama ni mwendo wa dakika kumi. Tangu mpaka ufunguliwe, baba, umekuja nyumbani mara tatu, na mara zote tatu ulikuwa na haraka. Kaburini hujafika hata siku moja. Nikasema nitafika. Nikabadilisha mazungumzo, nikamweleza habari za balozi wa tano. Akasinzia.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekumbuka! Katika mwaka ule wa pili nilipeleka barua katika ofisi ya itifaki ya nchi mwenyeji. Kwa mkono wangu, nimevaa suti. Ikapokelewa. Ikagongwa mhuri, ule mkubwa wa duara! Kanuni ya Katibu haisemi barua iwe na maneno gani.

Nimeipata katika jalada la nne, mahali nilipoiweka mwenyewe. Nimetoa nakala ya sehemu ya chini tu: sahihi, tarehe, mhuri. Sehemu ya juu haimhusu mtu. Asili nimeitia mfuko wa ndani wa koti. Katibu akaitazama nakala, akakuna kichwa, akauliza iliko nusu nyingine. Nikasema imeliwa na mchwa. Akaandika neno mchwa katika daftari lake. Kijana makini. Nimeshinda!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Asubuhi nilikwenda kwa kinyozi kujiandaa kwa picha. Kumbe Katibu, kwa kunitakia mema, alikuwa amekwenda ofisi ya itifaki kutafuta nakala yao. Walimpatia kwa dakika tano. Miaka ishirini na saba, dakika tano! Lazima nikiri kwamba masjala yao ni ya kupigiwa mfano.

Hakunikuta chumbani. Alimkuta binti. Akampa barua nzima, amfurahishe: dada, baba yako atahesabiwa.

Niliporudi, nusu ya kidevu ikiwa bado inawasha, binti alikuwa ameketi kitandani, barua mapajani. Aliisoma kwa sauti. Naomba ruhusa ya kuvuka mpaka ili nikamzike mke wangu. Chini yake: Imekubaliwa. Siku kumi. Gari litamfikisha mpakani. Kisha mhuri.

Akauliza kama mpaka ulikuwa umefungwa. Nikasema ulikuwa umefungwa. Kwa wengine. Akasema, si kwako. Nikasema, si kwangu.

Akauliza kwa nini. Nikamweleza kwa utaratibu: mtu aliyebaki peke yake hawezi kuacha kituo, ofisi ingebaki tupu, wizara ingeweza kupiga simu. Akauliza kama walipiga. Siwezi kusema uongo mara mbili juu ya jambo moja. Katika siku zile kumi simu ililia mara moja. Mtu aliuliza kama hapo ni duka la magodoro.

Hakulia. Aliniambia jambo ambalo sikulijua. Mazishi yaliahirishwa kwa siku mbili. Mjomba wake alimpeleka stendi siku zote mbili kunipokea, naye alivaa sare ya shule ili nimtambue miongoni mwa watu.

Baadaye akaanza kukunja mashati yangu. Akasema nisijidanganye, hajanisamehe. Lakini kiti changu katika basi bado kipo. Nije nimwambie mama mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Saa moja asubuhi nilikuwa tayari. Naapa. Breki alikuwa ameshapakia sanduku langu, binti ameshaketi garini.

Katibu akaja mbio na karatasi. Wizara inafikiria kukifuta kiti cha balozi. Nchi hii ihudumiwe kutoka ubalozi wa jirani. Wafanyakazi wote warudi nyumbani ndani ya wiki. Uamuzi wa mwisho bado. Atafutwe mlinzi wa kutunza jengo hadi hapo. Akaniuliza kama namfahamu mlinzi yeyote mwaminifu.

Breki akanipigia kelele kutoka kwenye usukani: wewe mzee, usithubutu!

Nikamwambia binti kwamba ni kwa muda mfupi tu. Alinitazama kama awatazamavyo, nadhani, wagonjwa wanaokataa dawa. Akashuka, akalitoa sanduku langu, akaliweka barazani taratibu. Kisha akarudi garini. Akasema, baba, sogea kidogo, nifunge mlango.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimekabidhiwa jengo kwa maandishi. Katibu anasema katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu nitaitwa Mwangalizi. Nimependekeza Kaimu. Analifikiria.

Breki amerudi kutoka stendi tangu juzi na hanisemeshi ila nikimuuliza. Nilimuuliza kama kiti cha pili kilipata mtu. Akasema binti alikiwekea mkoba wake.

Nimemwandikia binti barua leo, yenye kumbukumbu namba, tarehe na kichwa cha habari: Kuahirishwa kwa Safari. Nimemfahamisha kwamba safari haijafutwa. Amjulishe mama. Nami nitamwandikia tena mara tu uamuzi utakapofanywa.