Upatu wa Ushindi

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Teh Nining, bosi wetu, kaniita mbele ya ofisi nzima. Kati ya wachezaji wapya kumi wanaoingia kwenye uwanja wangu wa mapambano, ule mchezo wa simu, tisa hawarudi tena. Mabingwa wanawachinja kabla hawajajua kitufe cha kukimbilia kiko wapi. Hata Bu Euis, mwenye kibanda cha bala-bala, zile bajia za mboga, hapo mlangoni, kaacha. Yeye na wenzake kumi na mmoja wa upatu walikuwa wakicheza kwenye simu kila asubuhi, watoto wakishaingia shule. Sasa wamerudi kwenye umbea.

Nimepewa hadi Jumanne ya wiki ijayo. Wapya wasiporudi, uwanja unafungwa, na mimi nahamia meza ya malalamiko, ile ya karibu na choo. Uwanja nilioujenga miaka minne! Kila upanga, kila ngao, nani amuumize nani kiasi gani: namba zote ni zangu.

Kang Jaja (hapa kwetu kila mwanamume ni Kang, yaani kaka), anayekaa mkabala nami na kunusa kahawa kabla ya kuinywa, kauliza kwa nini tusiwe na viwanja viwili, wapya kwao, mabingwa kwao. Wote wakaitikia kwa vichwa. Nikasema huko si kusawazisha, huko ni kujenga ukuta. Fundi yeyote wa Bandung anajenga ukuta. Mimi nitasawazisha.

Siri yangu na shajara hii: yumo MacanBisu, bingwa wa mabingwa, aliyenipiga mara mia mbili na kumi na saba. Nataka nimwangushe mbele ya umati wote, wapya na mabingwa wakitazama. Wakitenganishwa, nani ataniona?

Jumanne, 4 Juni

Nimepunguza makali ya panga za mabingwa kwa nusu. Rahisi. Sijui kwa nini sikufanya zamani.

Saa nne asubuhi MacanBisu akaingia bila upanga. Kashika ufagio. Akawatandika watu arobaini kwa ufagio. Wa arobaini na moja nilikuwa mimi. Kisha akaandika hadharani: "Asante, Kang wa namba. Upanga ulishaanza kunichosha."

Mabingwa wengine hawakuona kichekesho. Upanga ule mtu huutafuta mwaka mzima. Barua za matusi zimemiminika, na Jaja kazisoma kwa sauti, kwa hisia, kila moja.

Bu Euis kaniuzia bala-bala za jana. Kasema kosa si la upanga, Kang, ni la mkono ulioushika. Niliendelea kutafuna.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango mpya, huu ndio wenyewe. Kila akaunti mpya inavishwa ngao isiyotoboka. Wapya watalindwa kama mayai.

Kufika adhuhuri, wapya mia tatu wamejiandikisha! Nikainuka kitini. Nikamwambia Jaja aje aone kwa macho yake. Akaja, akaona, akaniuliza kwa upole mbona wapya hawa wanajua kuruka kinyumenyume.

Ni mabingwa. Wamefungua akaunti mpya, wakavaa ngao yangu, wakajipa majina ya vitoto vichanga. Mmoja anaitwa BayiImut. Kamchapa shemeji yake Bu Euis, aliyekuwa amerudi kujaribu tena, mara sita ndani ya dakika nne. Shemeji kaufuta mchezo kwenye simu, na kasema nisimsalimie tena njiani.

Ngao nimeiondoa. Zile akaunti mia tatu nimeziacha. Kuzifuta ni kazi, na Teh Nining anapenda namba kubwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata! Nimepata!

Natoka msikitini, nakuta akina mama wamejaa kibandani, siku yao ya upatu wa vyombo. Vikaratasi vya majina ndani ya glasi, mdomo umefungwa kwa karatasi yenye tundu. Bu Euis anatikisa. Kikaratasi kinaruka nje. Mama mmoja kapata sufuria, kumi na mmoja wamekosa, na wote kumi na wawili wanapiga kelele za furaha! Nikabaki nimeduwaa na viatu mkononi. Wanakosa na wanacheka, kwa sababu zamu yao inakuja.

Basi: upatu wa ushindi. Kila siku saa nne kompyuta itatikisa glasi yenye majina ya wote walioingia asubuhi hiyo. Kumi watatoka, na kwa saa nzima hao kumi hawafi. Kila mtu atakuwa na siku yake, hata asiyejua simu hushikwa upande gani.

Bu Euis alianza kunieleza kitu kuhusu mtu aliyekwisha kupata. Nikamwambia nimeelewa, Bu, nimeelewa.

Na kweli nilielewa. Aliyepata hutolewa kwenye glasi. Lakini nikiweka sharti hilo, mimi mwenyewe nitapata mara moja tu. Sikuliweka. Na jina langu la uwanjani, RajaOdik, nimelitia glasini mara arobaini. Mwenye uwanja naye ana haki yake.

Jumamosi, 8 Juni

Ushindi! Bu Euis, aliyerudi kujaribu bahati, katoka siku ya kwanza. Kamkimbiza MacanBisu uwanja mzima kwa fimbo ya mianzi, akipiga mayowe yaliyosikika hadi ghorofani kwetu. Jina langu pia lilitoka, ila nilipofika, MacanBisu alikuwa ameshatimuliwa. Si kitu.

Wanaupatu wote wamerudi, shemeji naye. Nimepewa sahani ya lotek ya bure, mboga na mchuzi wa karanga hadi ukingoni. Teh Nining katabasamu kwa meno yote. Nimepita mbele ya meza ya Jaja mara tatu, ya nne nikipiga mluzi. Alikuwa ananusa kahawa.

Jumatatu, 10 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne glasi ikatikiswa. BayiImut. BayiGembul. BayiManis. Tisa kati ya kumi, wote vitoto vya Alhamisi! Mabingwa walikuwa wameziamsha zile akaunti mia tatu asubuhi, kila moja na kikaratasi chake. Mabingwa tisa wasiokufa. Wapya wamekiona cha mtema kuni.

Jina la kumi lilikuwa langu. Nikajipa moyo. Sifi, kwa hiyo leo ndiyo leo.

Ni kweli, sikufa. MacanBisu, chini ya jina la BayiImut, alinisukumia kwenye kona nyuma ya kisima akanizuia hapo kwa ufagio saa nzima. Nikijaribu kutoka, ananirudisha, polepole, kama anafagia uwanja wa nyumba. Watazamaji mia nane. Ningekufa ningepumzika.

Saa sita Bu Euis akapanda ngazi hadi ofisini, glasi mkononi, akaitua mezani pangu. Teh Nining akasogea kusikiliza. Bu Euis akasema mtu mmoja, kikaratasi kimoja. Aliyepata, anatoka. Na kwao mtu akijitia mara mbili, hata chumvi haombi tena mtaani.

Jaja akafungua orodha. Akaanza kuhesabu kwa sauti kila penye RajaOdik. Alifika arobaini bila kuruka hata moja. Nilitamani sakafu inimeze.

Jumanne, 11 Juni

Viwanja viwili tangu asubuhi, kama alivyotaka Jaja. Kati ya wapya kumi walioingia saa mbili, saba walirudi mchana. MacanBisu kapigwa na bingwa mwenzake, mara ya kwanza kabisa, na kaandika kwamba hajafurahi hivi mwaka huu. Kumbe na yeye alikuwa amechoshwa! Uwanja umepona. Mimi niko karibu na choo.

Hilo navumilia. Lakini! Kompyuta inampanga kila mtu kulingana na ushindi wake, na RajaOdik kapelekwa kwa wapya. Mimi! Mjenzi! Nikaingia ili nithibitishe kosa. Bu Euis akanichapa mara kumi na nne kwa fimbo ya mianzi, kisha akanipandishia bala-bala za moto, kwa huruma. Huruma ndiyo iliyoniuma.

Saa tisa limefika lalamiko la kwanza mezani pangu. Mchezaji mmoja anasema fimbo ya mianzi ina makali kupita kiasi na inaonea watu. Barua nzuri, imejaa hoja. Nimeiandika mimi. Nimejijibu kwa heshima kwamba lalamiko ni la haki na linashughulikiwa.

Jaja, aliyekabidhiwa namba zangu, kasahau kubadili nywila yake. Kesho asubuhi naipunguza ile fimbo. Kidogo tu.