Harisa Isiyo na Kasoro

Jumatatu, 6 Oktoba
Chupa tatu za harisa yangu, rojo la pilipili, zimerudishwa kutoka dukani. Vifuniko vimevimba kama mashavu ya mpiga zumari. Ya nne ilifyatuka kauntani, ikamchafulia mteja koti jeupe. Nani huvaa koti jeupe kwenda kununua pilipili?

Wakati huohuo shemeji yangu Munsif, mtengeneza maji ya maua ya mchungwa ng'ambo ya barabara, amepata ruzuku. Biashara ndogo ikishirikiana na taasisi ya utafiti, serikali inagharamia. Mji mzima wa Nabeul unamsifu. Lazima nami nipate!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaza fomu. Swali la nne: eleza tatizo linalohitaji utafiti. Mtego huo! Nani atampa ruzuku mtu anayekiri kwamba bidhaa yake inalipuka? Nikaandika: Hakuna. Mke wangu Najeti akasema nitaje vifuniko. Nikamwambia mambo haya hayaelewi. Akauliza ni nani basi anayefuta harisa darini kila asubuhi. Nikaondoka upesi kwenda kuiwasilisha fomu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Daktari Raudha wa taasisi ya utafiti wa vyakula anataka sampuli mbili. Nina mpango! Mama alipokwenda sokoni nilichukua chupa mbili za harisa yake kabatini, nikabandika lebo zangu. Ya Mama hukaa mwaka mzima bila kunung'unika. Akili hizi nimezitoa wapi?

Ijumaa, 24 Oktoba
Barua imefika. Nikawaita wote, hata Munsif, nikasoma kwa sauti. Harisa hii ni miongoni mwa bora zilizowahi kupimwa maabara. Munsif akakunja uso. Raha iliyoje! Nikaendelea. Kwa kuwa bidhaa haina kasoro yoyote, hakuna cha kutafiti. Ombi limekataliwa.

Munsif alicheka mpaka akaomba maji.

Mama hakucheka. Alikwenda kabatini, akarudi polepole. "Kwa hiyo serikali imeonja harisa yangu, na mimi sina habari?"

Jumatatu, 27 Oktoba
Mama ametia kikapuni chupa iliyovimba, anaipeleka Tunis kwa Daktari. Nikamkimbilia hadi kituoni, nikamsihi asiniaibishe.

"Baba yako aliacha karakana na wafanyakazi wanne," akasema. "Amebaki Bashira peke yake, naye anatafuta kazi kwingine. Ninyamaze mpaka lini, mwanangu?"

Nikambebea kikapu.

Njia nzima niliandaa maelezo mazuri. Hayakuhitajika. Mama aliiweka chupa mezani kwa Daktari, na chupa ikajieleza yenyewe. Pu! Miwani ya Daktari yote nyekundu. Daktari akalamba kidole, akatabasamu.

"Bwana Lamjadi, hili sasa ndilo tatizo! Mbona ulituficha?"

Mama akamfuta uso kwa ukingo wa shela yake. Wakaanza kuzungumzia chumvi kana kwamba mimi sipo.

Jumatano, 10 Desemba
Tumepata ruzuku! Na kasoro imegunduliwa: harisa ilichachia chupani kwa kuwa nilipunguza chumvi, tena sikuchuja vizuri pilipili zilizolowekwa, ili chupa zijae upesi. Ubunifu wangu mwenyewe, umepimwa na wataalamu! Chupa mpya zina wiki ya tatu, vifuniko bapa. Bashira amesema habanduki. Mama na Daktari wanapigiana simu kila jioni. Mimi huulizwa kama nimeosha mapipa. Nilipokuwa nikiyaosha leo nilimsikia Mama akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu Baba afariki.

Jumatatu, 15 Desemba
Daktari ameniachia kipimajoto na daftari. Nipime joto la ghala mara tatu kwa siku hadi mwisho wa Januari, niandike ninachokiona. Kazi ya kuchosha! Nimeketi na kahawa yangu, nikalijaza daftari lote, hadi siku ya mwisho ya Januari, kwa saa moja. Namba nzuri, zinapanda na kushuka kwa adabu. Kesho Daktari anakuja kulikagua. Atafurahi kuona nimemaliza mapema.