Bomba Linalofunguka Lenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Mungu wangu! Mkuu wetu hapa ofisi ya maji amenipa kazi ya kutengeneza tovuti, watu waone mtaa upi utapata maji siku gani. Ijumaa ataifungua mbele ya wateja. Ikifanya kazi, napewa ajira ya kudumu. Ikigoma, muda wangu wa majaribio umekwisha, na mimi nimekwisha nao. Nimesema naweza. Kwa nini nimesema naweza?

Jumanne, 4 Machi
Mjuzi, karani mwenzangu anayeitaka nafasi hiyohiyo, amechungulia akauliza, ndiyo hiyo tu? Ilikuwa HTML tupu, maandishi bila pambo: kichwa, jedwali la mitaa, namba ya simu. Kama tangazo la msiba! Nimeona haya. Nimeongeza rangi, mitindo na skripti za kila aina za kuchezesha vitu. Sasa matone yanadondoka, herufi zinacheza, bomba linafunguka lenyewe. Mjuzi kanywea. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Machi
Shangazi, ninayekaa kwake, ameifungua kwa simu yake. Amemenya vitunguu, amevikata, bomba bado linafunguka. Akaniuliza, mwanangu, maji yenyewe yako wapi? Nikamwambia simu yake ni ya kizamani. Akasema hata ndoo zake ni za kizamani, ila zinajaa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Nimegusa mstari mmoja, tovuti nzima imekuwa nyeupe pe. Jasho chapachapa. Nimefuta skripti, nimefuta mitindo, nimefuta rangi. Kimebaki kile kijedwali cha juzi. Mjuzi ameniuliza kwa upole kama ninahitaji boksi la kuwekea vitu vyangu.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu amesimama dirishani kwa wateja na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Nikafumba macho. Ikafunguka kabla sijamaliza kufumba! Mama mmoja akatazama simu yake mwenyewe, akasema kumbe kwetu ni kesho, huyoo akaenda zake. Foleni nzima, iliyokuja kuulizia siku ya maji, ikachungulia simu na kumfuata. Ukumbi mweupe! Mjuzi kabaki na muhuri mkononi, hana wa kumgongea. Mkuu kanipa ajira, na onyo: nibadilishe siku tu, kingine nisiguse.

Jumamosi, 8 Machi
Bado nimeduwaa. Wameipenda ikiwa uchi vile! Ikivaa je? Nimerudisha matone. Madogo tu. Bomba nalirudisha kesho. Jumatatu Mkuu hataamini macho yake.