Washirika wa Kimkakati wa Sakafu

Kwa furaha kubwa, na bila gharama ya ziada, Maduka ya Nsansa yalitangaza kwamba kuanzia mwaka ule hayatakuwa tena na wafagiaji. Neno lenyewe lilikuwa limechunguzwa na kamati ikaonekana halina hadhi. Badala yake kila duka, kutoka Livingstone mpaka Chililabombwe, litakuwa na Mshirika wa Kimkakati wa Sakafu. Mshirika huyo atalipwa nusu ya alichokuwa akilipwa mfagiaji, kwa sababu ile nusu nyingine ameshapewa kwa njia ya cheo.

Tangazo lilitolewa katika ukumbi wa hoteli moja mjini Kitwe, mbele ya wenye kampuni za usafi wa Ukanda wa Shaba wote. Kila mmoja aliwekewa chupa ya maji mezani na kuombwa asiifungue, maana zilikuwa za kupamba. Msemaji alikuwa Bwana Maseko, Meneja wa Kanda wa Mahusiano na Maeneo ya Chini, aliyevaa suti ya rangi ya maziwa na tai yenye nembo ya kampuni.

Safu ya nyuma alikaa Bana Chewe, yaani mama yake Chewe, mwanamke wa mtaa wa Chimwemwe, mwili umejaa na sauti imejaa. Kampuni yake iliitwa Kolopa Fye, ambayo kwa Kibemba ni "piga deki tu", na ilikuwa na mashine moja ya kung'arishia, ndoo za kutosha na wanawake watano wenye mikono isiyochoka. Kazi ndiyo hawakuwa nayo. Chuo cha uuguzi kilichokuwa kikiwaweka mjini kilikuwa kimegundua kwamba wanafunzi wanaweza kujifagilia wenyewe na kuhesabiwa kuwa ni somo.

"Bei ni ya duka zima," alieleza Bwana Maseko. "Hatupimi kwa mita. Ukubwa wa sakafu ni suala la mtazamo."

"Na malipo yanatoka lini, Ba Maseko?" aliuliza mzee mmoja wa mbele, kwa ile "Ba" ya heshima.

"Yanatoka. Kikubwa ni kwamba yanatoka."

Aliendelea kusoma. Mshirika atanunua nta mwenyewe, ili aione kuwa ni mali yake. Mshirika atakabiliana na panya wa stoo kwa moyo wa kujitolea. Hapo Bana Chewe akashindwa kuvumilia.

"Hapo mmefuja," alisema kutoka nyuma. "Duka lina panya, na meneja ni Mngoni. Mtu wa kujitolea wa nini tena?"

Ukumbi uliangua kicheko. Wabemba na Wangoni walipigana zamani za mababu mpaka wakachoka, na tangu hapo ni watani. Mngoni huambiwa anakula panya, Mbemba huambiwa anakula nyani, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Bwana Maseko hakununa. Alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

"Kumbe nina mtani humu! Mla nyani wewe, nani kakushusha mtini?"

"Nimeshuka mwenyewe. Nimefuata harufu ya kitoweo chako."

Watu walipiga meza. Bwana Maseko naye alikuwa amehudhuria semina ya kampuni kuhusu namna mila za wenyeji zinavyoweza kupunguza matumizi, na hapo hapo akaona nafasi yake. Alichungulia orodha ya wageni, akainua mkono, ukumbi ukatulia.

"Ndugu zangu, natangaza rasmi. Ushirikiano wetu na Kolopa Fye utaendeshwa kwa mila ya utani. Mtani hakasiriki. Mtani hakatai. Na kati ya watani hakuna kupatana bei. Nasema mbele yenu nyote mshuhudie! Bana Chewe atasaini siku tunayofungua upya duka letu kubwa la hapa Kitwe, mbele ya Mkurugenzi Mkuu mwenyewe."

Makofi yakapigwa. Wahudumu wakapita kukusanya chupa za maji.

Nyumbani kwa Bana Chewe, wanawake wa Kolopa Fye walikuwepo kama kawaida. Tangu kazi ya chuo iishe, waliendelea kuja kila asubuhi wamevaa sare zao za kijani zilizopigwa pasi, bila kuitwa na mtu. Na kwa kuwa hawakuweza kukaa bure wakiwa na sare mwilini, walifagia uwanja. Wakimaliza, waliufagia tena. Uwanja wa Bana Chewe ulikuwa umefikia usafi wa kiasi kwamba kuku wa jirani walikuwa wakifika ukingoni, wanautazama, wanageuza. Kila alipofungua mlango na kuwaona, aliona aibu mpaka mwilini. Siku aliyowaajiri aliwaahidi kwamba hatampunguzia mtu mshahara hata sarafu moja ya ngwee, na sasa hata mshahara wa kupunguza hakuwa nao.

Aliwaeleza yote. Kamati kuu ya Kolopa Fye ikakaa papo hapo, juu ya ndoo zilizopinduliwa.

"Tuchukue tu," alisema mmoja wao. "Ni kidogo, lakini tutakuwa tunatoka nyumbani tunakwenda kazini kama watu."

Bana Musowe, mkubwa wao wote kwa umri na kwa ulimi, alimtazama Bana Chewe. "Hebu niambie, mwanangu. Hiyo pesa, ukitoa nauli, ukatoa nta, ukatoa dawa ya choo, kinabaki nini?"

"Kinabaki cheo."

"Cheo kinaliwa na ugali au na muhogo?"

Hakuna aliyecheka sana. Bana Chewe alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nikisaini, lazima niwakate mishahara, tena niwakate nusu. Nisiposaini, mtanifagilia huu uwanja mpaka tufike kwenye shaba."

"Hapa angalau tunakunywa uji," alisema Bana Musowe. "Kwa hesabu yangu mimi, huu uwanja unalipa kuliko Nsansa."

"Lakini ile kazi naitaka, mama. Naitaka kweli kweli. Ni sakafu pana, ya kudumu, ingetuweka mjini miaka. Ila naitaka kwa bei yake."

"Basi nenda ukakatae hii bei."

"Nitakataaje? Yule bwana kaniwahi. Kasema mbele ya watu wote kwamba mambo yetu ni ya utani, na mtani hakatai."

Bana Musowe aliweka ufagio chini. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kicheko kikamshika mpaka akaporomoka kutoka kwenye ndoo.

"Kasema hivyo? Kwa mdomo wake? Mngoni mzima, mbele ya mashahidi?"

"Ukumbi mzima ulisikia."

"Basi kafiwa huyo, maskini ya Mungu," alisema Bana Musowe akijifuta machozi. "Tafuteni vitenge vya msibani."

Siku ya kufunguliwa upya kwa duka, foleni ilifika barabarani, kwa kuwa Nsansa walikuwa wameahidi kuuza unga kwa bei ya chini kwa watakaotangulia kuingia. Utepe ulifungwa mlangoni. Mkuu wa wilaya alisimama na mkasi. Mkurugenzi Mkuu alikuwa amekuja kwa ndege kutoka makao makuu, huko kusini, na alikuwa amevaa kofia. Kando yao Bwana Maseko alilinda meza yenye mkataba na kalamu, akichungulia barabarani kila mara kumtafuta mshirika wake.

Alimsikia kabla hajamwona. Kilio kilianzia kwenye maegesho ya magari kikaja kikipanda. Wanawake wa Kolopa Fye walitokea wamejifunga vitenge kiunoni juu ya sare, wawili wamebeba mabegani fimbo mbili za deki, na juu ya fimbo hizo ndoo iliyofunikwa shuka jeupe. Bana Musowe alitangulia, analia kwa ufundi wa mtu aliyezika wengi.

Mkurugenzi Mkuu alivua kofia. "Nani amefariki?"

"Bei ya Bwana Maseko," alijibu Bana Chewe kwa huzuni.

Mkurugenzi alimgeukia meneja wake, akamshika mkono. "Pole sana. Mlikuwa karibu?"

Bwana Maseko aliuchomoa mkono akakimbilia mlangoni, lakini alichelewa. Ndoo ilikuwa imeshatuliwa katikati ya mlango, chini ya utepe, na wanawake walikuwa wamejilaza kuizunguka. Bana Musowe alifunua shuka. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni kilichobaki ukubwa wa kucha.

"Ilizaliwa haijatimia!" aliomboleza. "Ilikwenda ikafika kwenye nauli, ikatetemeka! Ikafika kwenye nta, ikaanguka! Jamani, hata dawa ya choo haikuiona!"

Foleni nzima ilielewa mara moja, na watu wa unga wakasahau unga. "Watani wamekuja kuzika!" alipaza sauti bibi mmoja Mngoni, akapiga kigelegele cha nguvu kwa niaba ya upande uliofiwa.

"Tokeni hapo!" Bwana Maseko alifoka. "Hii ni shughuli ya kampuni!"

Bana Chewe alimtazama kwa upole. "Umekasirika, mtani?"

"Kakasirika! Kakasirika!" umati ukaitikia, na vidole vikanyooshwa kutoka kila upande. Bwana Maseko alijikusanya, akatengeneza tabasamu ambalo mtu angeweza kudhani ni jino linauma.

"Sijakasirika."

"Basi unatukataa?"

"Mimi? Mimi sikatai."

"Mmemsikia," alisema Bana Chewe, akajilaza na yeye, taratibu, kwa sababu ya magoti.

Mkurugenzi Mkuu alimvuta mkuu wa wilaya pembeni na kutaka maelezo. Mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa Mngoni na alikuwa akifurahia kuliko sherehe yoyote aliyowahi kualikwa, alimweleza kwa uso wa serikali kwamba watani wakishaweka maiti mlangoni, haisogei mpaka mfiwa awaridhishe. Ndiyo desturi, na yeye kama serikali hana mamlaka juu yake.

"Ita polisi."

Polisi alikuwepo, amesimama kando ya utepe tangu asubuhi. Aliangalia juu. "Msiba haukamatwi, mkubwa."

Jua lilikuwa likipanda. Mwandishi wa redio alikuwa amepiga magoti karibu na ndoo, anamhoji Bana Musowe kuhusu maisha ya marehemu. Nyuma ya foleni watu walianza kuimba nyimbo za matanga.

"Wanataka nini?" aliuliza Mkurugenzi.

Bana Chewe alijibu akiwa pale pale chini. Sakafu ipimwe na ilipwe kwa mita. Malipo yatoke kila mwisho wa mwezi. Nta inunuliwe na mwenye sakafu. "Na panya walipiwe peke yao," aliongeza, "au Bwana Maseko awachukue kwake, sisi hatuna kinyongo."

Mkurugenzi Mkuu aliutazama umati, akatazama saa, akatazama kipande cha sabuni. "Mpimie," alisema.

Alikuwa akimwambia Bwana Maseko. Fundi wa rafu alitoa utepe wake wa kupimia, na Meneja wa Kanda akaingia dukani kwa magoti na suti yake ya maziwa, huku foleni ikimhesabia kwa sauti kupitia vioo. Alipima mbele ya makaunta. Alipima kati ya rafu. Alipofika nyuma ya majokofu akakuta sakafu bado inaendelea, na stoo ilikuwa haijaguswa. Alipotoka, magoti ya suruali yalikuwa meusi tii, na mtazamo wake ulikuwa umepanuka sana.

Bei mpya iliandikwa mbele ya mkuu wa wilaya. Bana Chewe aliisoma mara mbili, akanyanyuka, akasaini. Marehemu alizikwa nyuma ya duka, karibu na pipa la taka, na mkuu wa wilaya akasema maneno machache.

Wiki iliyofuata Maduka ya Nsansa yalitangaza, kwa furaha kubwa, kwamba baada ya utafiti wa muda mrefu yamevumbua mita ya mraba. Tangazo lilimpongeza pia Bwana Maseko kwa kupandishwa cheo kuwa Mshauri Mwandamizi wa Heshima. Mshahara wake ungekuwa nusu ya ule wa zamani, kwa sababu ile nusu nyingine ameshapewa kwa njia ya cheo.

Alifika Chimwemwe Jumamosi moja, bila tai. Uwanja wa Bana Chewe ulikuwa na majani na maganda ya karanga kila mahali, na kuku walikuwa wamerudi, maana wafagiaji wake walikuwa kazini. Alizungumza habari za mvua, akazungumza habari za mpira, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba siku za mwisho wa wiki huwa hana shughuli nyingi, na mke wake ameshaanza kuuliza maswali.

"Kazi ipo," alisema Bana Chewe. "Stoo ya Nsansa."

Macho yakamng'aa. "Na utanilipa kiasi gani?"

"Kati ya watani hakuna kupatana bei."

Bwana Maseko aliinamisha kichwa. Bana Chewe alimwacha ainamishe kwa muda aliouona unatosha, kisha akamwambia atalipwa sawa na wanawake wote, hapungukiwi ngwee, na pesa inatoka mwisho wa mwezi. Bwana Maseko aliuliza tena, kuhakikisha kama amesikia vizuri. Ndipo Bana Musowe, aliyekuwa amerudi kuchukua ndoo ya ziada, akamkabidhi mitego.

"Utaanza na panya," alimwambia. "Ila kula kazini ni marufuku."