Marehemu Mwenye Sauti Nzito

Jumatatu, 4 Machi
Kamusi katuzidi tena kwenye kikao cha Wapenzi wa Nyimbo za Kale. Ni mwalimu mstaafu. Jina tulimpa sisi, kwa kuwa anajua kila wimbo, nani alipiga gita, nani alikohoa studioni. Jumamosi tunachagua mwenyekiti, na wote wanamtazama yeye. Mimi natazamwa viti vikihitaji kusogezwa. Nahitaji santuri ambayo Kamusi hajawahi kuisikia. Mke wangu kasema ninachohitaji ni kutengeneza bomba la jikoni.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Ndani ya sanduku la mama mkwe, aliyehamia kwetu juzijuzi. Alikuwa anaoga. Sikuiba. Mkwe ni mzazi.

Karatasi ya katikati imebanduliwa, haina jina. Nikaiweka kwenye gramafoni. Mwanamke, sauti nyembamba, anaimba mbiombio kama aliyeacha maziwa jikoni. Nikashangaa. Nyimbo za kale hazikuwa na haraka, hilo hata mtoto analijua. Nikasogeza kijiti cha mwendo mpaka wimbo ukatulia. Kumbe ni mwanamume! Sauti nzito, ya mtu aliyezika wengi. Nimelia. Kweli nimelia.

Alhamisi, 7 Machi
Mwimbaji huyu lazima alishakufa, kwa huzuni ile. Nimemtungia maisha. Alikuwa mpishi wa treni, akarekodi mara moja tu, mapenzi yakamuua. Nilimshika mkono nikiwa mdogo. Nimelirudia hilo mpaka naukumbuka mkono wenyewe. Mpana, wenye joto.

Mama mkwe kaomba kuja Jumamosi. Nimekubali, aone mkwe wake anavyoheshimiwa. Huwa ananiita "huyu".

Jumamosi, 9 Machi
Sielewi.

Tulikaa nyuma ya duka la fundi cherehani kama kawaida. Nikapiga santuri, polepole. Kamusi akakiri hamjui mwimbaji. Nikasimulia habari za marehemu, na fundi akafuta machozi kwa suruali ya mteja. Tukasimama kimya kumkumbuka. Mama mkwe peke yake hakusimama. Akasema kwa upole kwamba marehemu ni yeye.

Eti alirekodi akiwa msichana. Baba yake alipojua, akabandua jina, na binti hakuimba tena. Akasogeza kijiti, akaimba pamoja na santuri, mbiombio, bila kukosa neno. Kamusi alilia waziwazi. Watu wakacheza, na mimi nikacheza, sijui kwa nini. Wakamchagua mama mkwe mwenyekiti kwa kauli moja. Kura yangu imo.

Jumapili, 10 Machi
Nilingoja kugombezwa. Badala yake kaniita mwanangu. Kasema miaka yote hakuna aliyewahi kuulilia wimbo wake. Kisha kanipa santuri zake zote nizisikilize. Nimeona haya mpaka nikakosa pa kutazama.

Lakini nimewaza tangu asubuhi na hesabu haikubali. Mama mkwe ni mwanamke. Aliyeimba ni mwanamume, nimemsikia kwa masikio yangu haya. Basi waliimba wawili, na mwenzake kasahauliwa. Nimezipiga zote polepole. Marehemu yumo katika kila moja!

Maskini mama mkwe, kumbe alimpenda. Sitamuuliza, nisimtoneshe kidonda. Jumamosi nitamfanyia marehemu kumbukumbu, mbele ya watu wote, na mjane atakaa mbele.