Viti Viwili vya Baba Mkwe

Jumanne, 1 Oktoba

Habari kubwa! Nyonga ya baba mkwe imekwisha. Namwombea heri, bila shaka. Lakini kwanza viti.

Baba mkwe, mzee Hollis Teague, ana viti viwili katika Uwanja wa Tuttle, mstari wa kumi na mbili, katikati kabisa. Ukikaa pale unasikia kofia ngumu za wachezaji zikigongana. Unamwona kocha akitema mate. Mimi na Nadine, mke wangu, tunakaa juu kwenye kona, nyuma ya nguzo. Miaka kumi na minane naangalia mpira wa Kimarekani wa Chuo cha Bledsoe kwa jicho la kushoto peke yake.

Leo, juu ya kambale wa kukaanga, mzee akatangaza kwamba hawezi tena zile ngazi, na viti atampa mtu wa familia. Akatutazama mimi na Wendell. Wendell Boatwright ni mwanyumba wangu, kaoa Corinne, dada yake Nadine. Anauza magodoro. Anacheka na kila mtu. Mtu hovyo kabisa.

Mzee akasema hatoi kiti kwa asiyejua uwanja ni nini. Bledsoe inacheza ugenini Jumamosi mbili mfululizo. Twende tukaone wenzetu wanavyoishi: raha za viwanja vyao, mori wa watu wao, na kile kinachomtesa mgeni asishinde. Turudi tumweleze Tuttle inasimama wapi kati yao. Jumamosi ya tatu, nyumbani, yeye mwenyewe atakuja kwa mara ya mwisho, kisha ataamua.

Nadine akasema naye ana neno kuhusu vile viti. Nikamwomba anisogezee mkate wa mahindi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Uwanja wa Chuo cha Ransom. Aibu tupu! Viti vya mito. Vina migongo. Vina tundu la kuwekea kikombe. Wanaume wamevaa tai, wanakula jibini kwa uma. Timu yao ikivuka mstari na mpira, wanapiga makofi kama watu walioletwa kwa nguvu kwenye mahafali ya mpwa wao.

Mpango wangu ulikuwa safi. Nilimpigia mzee simu kimyakimya, nikaiacha wazi mfukoni mwa shati, nikaanza kumchokoza Wendell. Viti vitamu, au siyo? Si bora hapa kuliko mabenchi yetu ya bati? Nilitaka mzee amsikie msaliti kwa masikio yake. Wendell akajibu kwamba viti vya namna hii ni vya kusubiria daktari wa meno, na mtu aliyestarehe hivi atasimama saa ngapi kupiga kelele? Nikamnunulia sandwichi ya nguruwe, nikajaribu tena. Wapi! Mtu mgumu kama soli.

Robo ya tatu ya mchezo siikumbuki vizuri. Tumeshinda, naambiwa.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani mzee akaniuliza nililalaje jana. Sikuelewa. Akasema alinisikia nikikoroma robo nzima, na kabla ya hapo nilisema kwamba nikifa nizikwe na kile kiti. Simu! Sikuikata. Wendell alicheka hadi akakaa chini, tena kwenye ngazi za nyumba ya Bwana. Hana haya.

Kwa ufupi, Ransom: raha tele, mori hakuna, na mgeni anapokelewa kwa keki. Keki! Ndiyo maana wanafungwa kwao.

Jumamosi, 12 Oktoba

Port Cato. Hawa sasa ni watu wabaya, na uwanja wao mbaya zaidi. Wageni tumetupwa pembeni, mabenchi ya bati, jua lote letu, ngoma za bendi yao zimeelekezwa kwenye visogo vyetu. Choo kimoja. Muuza maji anafika mwanzo wa jukwaa letu, anatutazama, anageuka. Chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni wamekipaka rangi ya waridi, eti inalegeza misuli. Nilichukia kila kitu. Nilivutiwa pia, sana.

Tiketi zilikuwa mbili, moja kwenye kivuli cha skrini kubwa, moja juani. Nikampa Wendell ya juani, nikamwambia upande ule ndio unaoona vizuri. Akanishukuru, mpumbavu. Kisha jua likatembea. Nilisahau kwamba jua hutembea! Robo ya pili kivuli kilishahamia kwake, kikaota mizizi. Alikaa humo anakula karanga za kuchemsha. Mimi nilikalia kofia yangu ili bati lisinichome. Akauliza kama tubadilishane. Kwa dharau ile! Nikakataa. Nimeungua shingo, masikio, na nyuma ya magoti.

Halafu kelele. Sijawahi kusikia. Vijana wetu walikuwa na mpira lakini hawakusikia amri ya mrusha pasi wao, kila mmoja akaruka kwa wakati wake. Mwamuzi akatupa kitambaa cha njano cha adhabu, tukarudishwa yadi tano nyuma. Kitambaa kingine, tano tena. Tumepigwa vibaya mno. Nimeelewa sasa. Raha ni upuuzi wa watu wa Ransom. Uwanja ni kelele, na atakayeileta Tuttle ndiye mwenye haki ya mstari wa kumi na mbili.

Jumatano, 16 Oktoba

Binamu yangu Odell anavunja malori mabovu. Kanipa honi ya lori na mtungi wake wa upepo. Tumeijaribu nyuma ya karakana. Ng'ombe wa jirani wameruka uzio. Vizuri sana! Weems, wageni wetu wa Jumamosi, wakiwa na mpira watajuta kuzaliwa.

Getini Tuttle wamekataza vifaa vya kelele. Sheria za waoga. Nimeamua kuufunga mtungi tumboni, chini ya koti. Nadine aliuliza kama namjua baba yake kweli, na kama najua ni nani aliyekuwa akikaa naye pale zamani. Nikamwambia ashike huu utepe kwanza, avute kwa nguvu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimechoka kuandika lakini lazima.

Tuttle ilikuwa nzuri asubuhi. Mabenchi yetu yana kutu, choo kinavuja, soseji ni za juzi. Hakuna uwanja bora chini ya mbingu, na anayebisha akaishi Ransom. Getini Bi Earline, tunasali naye, aliuliza tumbo langu lina nini. Nikasema ngiri. Akaniwekea mkono begani akaniombea palepale, foleni nzima ikaitikia amina. Nikapita!

Nadine alimshika baba yake mkono kwenye ngazi, akakaa naye. Mimi na Wendell tulipata nafasi nyuma yao. Robo ya nne, Weems wana mpira, wanatuzidi pointi mbili. Uwanja unanguruma. Wakati wangu! Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Wapi! Wendell akauliza najikuna nini.

Mara Weems wakaangusha mpira, kijana wetu akaulalia. Mpira wetu, karibu kabisa na mstari wao! Uwanja mzima ukanyamaza papo hapo, maana Tuttle ina adabu zake: wetu wakiwa na mpira hata mtoto mchanga haruhusiwi kulia, ili wasikie amri. Baba mkwe alivua kofia. Mimi nikaupiga mtungi ngumi. Moja tu, tena ndogo, kwa hasira.

Honi ikafunguka. Ikakataa kufungika.

Vijana wetu wakaruka kabla ya wakati. Kitambaa. Wakajipanga, honi bado inalia tumboni mwangu, wakaruka tena. Kitambaa. Nikajikunja, nikajiviringisha, nikaomba msamaha kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Wendell akanitupia koti lake, akanikalia. Skrini kubwa ikatuonyesha. Watu elfu hamsini walimwona mtu mzima amemkalia mtu mzima anayelia kama lori. Mwamuzi akasimamisha mchezo hadi upepo ukaisha. Baada ya hapo vijana walikuwa wamechanganyikiwa hata kwenye kimya. Wakarudi nyuma, wakarudi nyuma, mwisho wakapiga mpira kutoka mbali, ukapita nje ya nguzo za goli. Tumefungwa kwa zile pointi mbili.

Baba mkwe hakugeuka hata mara moja. Nadine aligeuka. Heri asingegeuka.

Jumapili, 20 Oktoba

Kanisani wameiombea ngiri yangu, kwa jina. Watu walicheka katikati ya sala. Dini imeisha nchi hii.

Baada ya chakula mzee akagonga glasi. Viti vyote viwili ni vya Nadine. Nadine! Nikauliza mimi nimekosa nini. Wendell akakohoa. Mzee akaniambia nikae chini. Akasema tangu mama yao afariki, ni Nadine aliyekaa kile kiti cha pili, toka msichana mdogo hadi alipoolewa. Corinne alikuwa anasikia baridi, hakupenda. Tangu Nadine aondoke kiti hakupewa mtu. Mzee aliweka kofia yake pale, kila mchezo.

Nadine akazungumza taratibu, mbele ya watu wote.

"Nilihama pale nikaja nyuma ya nguzo kwa sababu wewe ulikuwa nyuma ya nguzo, Lamar. Hukuwahi hata siku moja kuniuliza nilitoka wapi."

 Nilijisikia vibaya kwelikweli, nikashindwa kumtazama. Hali hiyo iliendelea hadi pai ya njugu za pekani ilipoletwa.

Halafu nikafikiri vizuri. Viti ni viwili. Nadine ni mmoja.

Alhamisi, 24 Oktoba

Wiki nzima namlainisha. Nimeosha gari lake. Nimesifu nywele, akasema hajazigusa. Jana nikamweleza kwa upole kwamba kiti chetu cha juu kina faida nyingi ambazo mstari wa kumi na mbili hauna: kivuli, upepo, na nguzo ya kuegemea. Nilitaka aone huruma aniambie hapana, Lamar, wewe shuka na mimi. Badala yake akakubaliana nami kwa moyo wote. Akasema basi nikae hukohuko nifaidi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nyuma ya nguzo na Wendell. Kakalia kiti cha Nadine, kwa sababu Corinne kabaki nyumbani na tiketi zao zilikuwa za mwisho wa dunia. Nililala na hamu ya kuangalia kule chini, kwa hiyo nimekuja na darubini. Nikamwona Nadine, mstari wa kumi na mbili, koti la kijani, ametulia kama bibi harusi. Na kiti cha pembeni yake? Mkoba! Mke wangu kaukalisha mkoba mahali pangu.

Nikamwita mhudumu wa jukwaa nikamweleza kwamba kuna mkoba umekalia kiti bila tiketi. Nikamwonyesha. Akashuka. Nikawaona wakizungumza. Nadine akatazama juu, moja kwa moja kwenye nguzo. Nikachana nywele, nikafuta haradali kwenye kidevu.

Mhudumu akarudi akihema. Akasema yule mama anashukuru kwa kukumbushwa, mkoba ameuweka chini, na anamwomba bwana Boatwright ashuke.

Wendell! Nikamshika shati, nikamuuliza kafanya nini. Akaona haya. Akasema hajui, labda ni kwa sababu Jumatatu alipokuja kurudisha sahani alimuuliza, "Shemeji, ulipokuwa mdogo ulikuwa unaona nini kutoka pale?" Wakaongea jikoni hadi barafu yote kwenye chai ya baridi ikayeyuka.

Ndiyo hila yake basi! Unamuuliza mtu swali, halafu unakaa unasikiliza. Sijawahi kuona mbinu chafu namna hii. Na mimi nilihangaika na malori!

Tulishinda. Niliona nusu yake. Wendell aliniaga kwa mkono kutoka kule chini.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimeshaujua mchezo wa Wendell. Rahisi mno, karibu nione haya kuutumia. Jioni nimekaa na Nadine barazani, nikazima redio, nikamuuliza kwa sauti ya chini ulipokuwa mdogo, mke wangu, ulikuwa unaona nini kutoka kile kiti?

 Macho yakamlowa. Akaanza kujibu.

Bado anajibu. Naandika haraka, daftari liko chini ya meza. Kuna jambo la mama yake na blanketi moja. Kuna jambo la mvua. Naitikia kwa kichwa kila akivuta pumzi. Inafanya kazi! Sasa kuna mtu anaitwa Ruby, sijui ni nani, si muhimu. Kufikia mchezo wa Novemba niko mstari wa kumi na mbili, na Wendell akaongee na nguzo.

Amenyamaza. Anauliza mkono wangu unafanya nini chini ya meza. Nimemwambia asubiri kidogo, bado namsikiliza.