Nilivyochagua Paipu za Breki

Jumanne, 3 Juni

Urbanus Mutiso tena! Mwenyekiti wa chama chetu cha pikipiki amefika mkutanoni Ruiru na paipu mpya za breki. Siyo za mpira kama zetu. Hizi zimefunikwa waya za chuma zilizosukwa kama mkeka, rangi ya buluu. Chama kizima kilichuchumaa kutazama. Mimi nilikuwa na koti jipya la ngozi. Hakuna aliyechuchumaa kwa sababu ya koti.

Kaveke akauliza faida yake ni nini. Kaveke ni mkunga, mgeni kwenye chama, na kila siku hupanda pikipiki kutoka Gatongora kwenda kazini Thika. Urbanus akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikaeleza kwamba mpira ukizeeka huvimba ukibonyeza breki, nguvu ikapotea njiani, lakini chuma hakiruhusu uvimbe. Nilisoma hayo kwenye simu. Kaveke alinisikiliza kama anayesikiliza daktari. Utamu huo! Nikaongeza kwamba zangu tayari nimeagiza. Nyekundu. Jumapili tukienda Thika wataziona.

Sijaagiza kitu.

Jumatano, 4 Juni

Nimechagua kutwa nzima. Nyekundu ya damu au nyekundu ya nyanya? Au dhahabu? Mke wangu Nyawira akauliza kama ninanunua breki ama kitenge.

Baada ya kazi nikaenda dukani kwa Syokau, anayeuza spea za pikipiki Thika. Akauliza urefu. Nikasema nyekundu. Akasema nyekundu si urefu. Nikampa kipimo nilichochukua kwa utepe wa cherehani wa Nyawira. Akauliza kama nilipima usukani ukiwa umekunjwa mpaka mwisho, maana paipu fupi hunyooka na kuvutika ukipiga kona. Nikasema bila shaka. Usukani ulikuwa umenyooka kabisa.

Akapiga simu mara kadhaa. Zitafika wiki ya tatu ya mwezi.

Wiki ya tatu! Jumapili ni siku nne tu kutoka leo!

Ijumaa, 6 Juni

Nilikuwa nanawa mikono jikoni. Nikainama kuokota sabuni. Nikaona. Chini ya sinki kuna paipu inayoleta maji kwa bomba. Imefunikwa waya za chuma zilizosukwa! Inang'aa kuliko ya Urbanus! Ngai, nimeishi nayo miaka yote hiyo bila kujua.

Nikafunga maji. Nikaifungua. Nikavua lile vazi la chuma, nikalipasua kwa urefu, nikaivisha paipu ya mpira ya breki ya mbele, nikakaza kwa waya nyembamba. Kwa mbali huwezi kujua. Kwa karibu unachomwa kidole.

Si nyekundu, lakini nitasema nyekundu ni ya wanafunzi.

Nyawira akauliza ataoshea vyombo wapi. Nikamletea karai. Hakusema asante.

Jumapili, 8 Juni



Asubuhi ilikuwa yangu. Walichuchumaa! Perez, ambaye husifu pikipiki yake tu, akapiga picha. Urbanus alichuchumaa kuliko wote, halafu akauliza ni fundi gani. Nikasema mmoja wa Githurai 45, hapendi kujulikana. Akaniambia niende polepole. Wivu, nikajiambia.

Kaveke akaomba akae nyuma yangu barabarani, ajifunze ninavyoshika breki. Nikamwambia asibanduke.

Tulipofika Witeithie, kwenye barabara ya pembeni, kulikuwa na tuta. Nikabonyeza breki ya mbele. Ikaenda mpaka kwenye usukani bila kushika chochote. Zile waya zilikuwa zimesaga mpira kila nilipokata kona, mpaka ukatoboka. Oili yote ya breki ilikuwa kwenye buti langu. Nikakanyaga breki ya nyuma kama mwendawazimu, pikipiki ikateleza, ikakata njia, nikaishia kwenye matope ya pale wanapoosha magari. Mimi mzima. Koti tu.

Lakini Kaveke alikunja kunikwepa akaanguka kwenye changarawe ya murram. Nilisikia jinsi alivyoanguka. Nilimkuta ameketi, amekumbatia mkono wake wa kulia, uso umekuwa wa majivu.

Zahanati wakasema umeteguka, haukuvunjika. Nikasimama kando ya kitanda. Akanitazama, akasema, "Pole, Wanyoike. Nilikukaribia sana. Hizo breki zako ni kali, nilipaswa kujua utasimama ghafla."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

Nikasema, "Usijali. Hutokea kwa wanaoanza."

Mungu nisamehe. Hutokea kwa wanaoanza!

Jumatatu, 9 Juni

Urbanus alikuja dukani ninapouza magodoro. Akaketi kwenye godoro la maonyesho bila kuvua plastiki. Akatoa mfukoni kipande cha waya zilizosukwa. Kilikuwa na kibandiko kidogo chenye mchoro wa bomba.

"Hii nimeitoa kwa pikipiki yako jana, tukiivuta."

Nikasema hiyo ni nembo ya kampuni.

"Ni bomba, Wanyoike."

Nikasema kampuni za nje zina nembo za kila aina.

Hakucheka. Angecheka ningejua la kufanya. Alisema tu, "Mimi sitaambia mtu. Lakini Kaveke amenipigia. Anataka kuuza pikipiki. Anasema hawezi kuendesha, angekuua."

Akainuka, akalainisha godoro mahali alipokalia, akatoka. Mteja akaja akauliza kama hilo ni gumu au laini. Nikamwambia bei.

Jumanne, 10 Juni

Nimeenda Gatongora na ndizi. Njiani nilitunga maneno: kasoro ya kiwandani, joto la lami, mambo kama hayo. Kaveke akafungua mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umening'inizwa kwa kitambaa kilichofungwa shingoni. Alianza kuniomba msamaha tena.

Nikasema, "Ilikuwa ya sinki."

"Nini?"

"Paipu. Si ya breki. Nilitoa chini ya sinki nikavalisha juu. Ndiyo iliyokata mpira. Hukunikaribia. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Akakaa chini. Mimi nikasimama na ndizi zangu.

"Kwa hivyo tangu Jumapili mimi naomba sinki msamaha."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungekufa, Wanyoike. Na mimi juu yako. Kuna akina mama wananingoja wadi." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Wewe na Urbanus mlikuwa mnashindana, mimi nikafikiri mnanifundisha."

Akasema pikipiki haitauzwa. Akasema yangu isitoke nje mpaka breki zikaguliwe, na niwaambie wenzetu kwa mdomo wangu. Ndizi akachukua.

Nikawaambia jioni kwenye kundi la simu. Wote walisoma. Halafu Perez akatuma picha ya sinki.

Nimelala na aibu kitanda kimoja. Nyawira anasema ananionea huruma, lakini nirudishe maji jikoni.

Jumapili, 22 Juni

Paipu zimefika! Syokau hakuamini kipimo changu, alikuwa ameagiza kwa kitabu cha pikipiki yenyewe, na urefu ni sawasawa. Fundi wake akafunga, akatoa hewa yote kwenye breki, akanipa nijaribu. Kidole kimoja, pikipiki ikasimama. Sikujua breki huwa hivi. Nilikaa pale nikiona aibu ya mtu aliyeacha kitu kizuri namna hii akaenda kutafuta kinachong'aa.

Kaveke amerudi kuendesha. Alinisalimia kwa mkono ule ule. Aki nilitaka kulia. Nimeapa mbele ya Mungu kwamba kuanzia leo nitasema tu ninachojua.

Kisha mkutano. Urbanus akasema oili ya breki ya kila mwanachama imezeeka, ibadilishwe na hewa itolewe vizuri. Akauliza kama kuna mtu kati yetu ameshawahi kufanya kazi hiyo.

Mkono mmoja ukainuka. Nikageuka kuona ni wa nani. Ulikuwa wangu.

Tunaanza Jumamosi, pikipiki kumi na moja, uwanjani kwangu. Kaveke ameomba yake iwe ya mwisho. Nadhani anataka niwe nimepata uzoefu.